Mboga, Mitishamba na Mishipa ya Moyo: Kilichothibitishwa na Kinachosubiri

Ukipita katika soko lolote la Kaunti ya Kilifi siku ya gulio, iwe Mariakani, Kaloleni au Malindi, hutakosa meza ya mitishamba. Utakuta unga wa mlonge, magamba ya mwarobaini, kitunguu saumu kilichotiwa asali, tangawizi, manjano, na chupa zisizo na jina ambazo muuzaji atakuambia "zinazibua mishipa". Wanunuzi si wajinga. Wengi wao ni watu wazima walioambiwa zahanati kwamba wana presha au kolesteroli ya juu, wakapewa vidonge vya kumeza kila siku, na sasa wanatafuta njia iliyo karibu na jiko lao na mfuko wao.

Swali lao ni la haki: je, mmea unaweza kuzuia mishipa ya moyo isizibe? Maabara na hospitali za nchi nyingi zimelishughulikia swali hili kwa miaka mingi. Baadhi ya majibu yanatia moyo. Mengine yanatosha kumfanya mtu airudishe ile chupa mezani. Ili kuyaelewa, inabidi tuanze ndani ya mshipa wenyewe.

Lipu iliyo hai

Aliyetembelea magofu ya Gede, yaliyoingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2024, ameona kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa lipu ya chokaa. Pale lipu iliposhika, jiwe limebaki salama. Pale ilipobanduka, maji yameingia, mizizi ikafuata.

Mshipa wa damu nao umepakwa lipu kwa ndani. Ni utando laini mno, wenye unene wa seli moja tu, uliotandazwa kuanzia kwenye moyo hadi kwenye kishipa chembamba kabisa cha kidole cha mguu. Tofauti na chokaa ya Gede ni kwamba utando huu uko hai. Ndio unaoamua nini kitoke kwenye damu kiingie katika ukuta wa mshipa, na nini kibaki nje. Huzuia damu isigande ovyo. Tena hutoa hewa iitwayo naitriki oksaidi, ambayo huuambia msuli wa mshipa ulegee ili damu ipite kwa nafasi.

Jambo hili la mwisho lilijulikana kwa njia ya ajabu kidogo. Mwanasayansi wa Marekani, Robert Furchgott, alikuwa akifanya majaribio kwa vipande vya mshipa mkuu wa sungura. Dawa ileile ilivilegeza baadhi ya vipande na kuvikaza vingine, na hakuna aliyejua sababu. Hatimaye aligundua kwamba vipande vilivyokaza vilikuwa vimesuguliwa wakati wa kutayarishwa, utando wa ndani ukatoka. Pasipo utando, mshipa haukuwa na wa kuuambia ulegee. Aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1980, na mwaka 1998 yeye na wenzake wawili, Louis Ignarro na Ferid Murad, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Kabla ya hapo, wengi waliuona utando huu kama plastiki ya kufunikia tu. Leo tunajua kwamba ugonjwa wa mishipa kuziba, ambao madaktari huuita atherosklerosisi, huanzia hapo, utando unapoanza kupitisha kisichopaswa kupita.

Kinachopita ni nini?

Kolesteroli haielei kwenye damu kama mafuta kwenye mchuzi. Husafirishwa ndani ya vifurushi vidogo sana, na kifurushi kinachotia wasiwasi zaidi huitwa LDL. Ukivipanga vifurushi hivyo mstari mmoja, zaidi ya 40,000 vitaenea katika urefu wa milimita moja. Vitu vidogo hivyo huweza kupenya utando kwa njia mbili: kupitia nafasi zilizo baina ya seli na seli, pale maungio yanapolegea, au kwa kubebwa na seli yenyewe kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Havipenyi kila mahali sawasawa. Mkaazi wa Malindi au Magarini aujuaye Mto Sabaki anaelewa kwamba maji yakienda moja kwa moja huacha ukingo na utulivu wake, lakini kwenye kona huzunguka na kuumega. Damu nayo hutiririka vizuri katika sehemu zilizonyooka, na kuvurugika kwenye kona na pale mshipa unapogawanyika. Huko ndiko seli za utando zinapokaa vibaya, zikachoka upesi na kuvuja zaidi. Ndiyo maana ugonjwa huu hupenda matawi ya mishipa ya moyo, na shingoni pale mshipa wa kwenda kichwani unapogawanyika.

LDL ikishaingia ukutani hunaswa humo na kuharibika. Mwili huiona kama adui na kutuma chembe nyeupe za damu ziile. Zinakula, zinashiba, zinajaa mafuta hata zikitazamwa kwa hadubini zinafanana na povu. Nyingi hufia papo hapo. Mabaki yao, mafuta na nyuzi za kovu hujenga bonge ndani ya ukuta. Bonge likipasuka, damu huganda juu yake kwa dakika chache. Likiwa kwenye mshipa wa moyo, huo ni mshtuko wa moyo, na likiwa kwenye mshipa wa ubongo, huo ni kiharusi.

Watu wengi hudhani haya ni mambo ya uzee. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa miili 300 ya wanajeshi waliofariki katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Asilimia 77 walikwisha kuwa na dalili za ugonjwa katika mishipa ya moyo, ingawa walikuwa vijana wenye afya ya kubeba bunduki. Safari ya kuziba mshipa huchukua miongo, na sehemu kubwa ya safari hiyo haina maumivu yoyote.

Vinavyouchosha utando vinajulikana: moshi wa sigara, presha iliyopanda, sukari nyingi kwenye damu ya mwenye kisukari, na wingi wa LDL yenyewe. Kila kimojawapo hulegeza maungio ya seli au hupunguza naitriki oksaidi.

Mimea inaingilia wapi?

Mimea haiwezi kukimbia jua wala wadudu, hivyo hujitengenezea kemikali za kujilinda. Baadhi ndizo zinazokipa kitunguu ukali wake, mchunga uchungu wake na manjano rangi yake. Kundi moja kubwa huitwa flavonoidi. Kwasetini imo katika vitunguu maji, epikatekini imo katika kakao na majani ya chai. Kurkumini ya manjano iko nje ya kundi hilo, lakini hufanyiwa uchunguzi wa aina moja.

Jaribio lenyewe hufanywa hivi. Seli za utando wa mshipa wa binadamu huoteshwa juu ya kichujio chembamba mpaka zishikamane kama mkeka uliosukwa. Juu hutiwa protini iliyopakwa rangi, na chini hupimwa ni kiasi gani kimevuja. Kisha seli huchokozwa kwa kemikali zinazofanana na zile ambazo mwili hutoa wakati wa maradhi, mkeka unaanza kufumka, rangi inapita. Hapo mtafiti hurudia yote akiwa ametia kemikali ya mmea. Mara nyingi, kwa kemikali kadhaa tofauti, uvujaji hupungua. Protini zinazofunga seli na seli hubaki mahali pake, ishara za uchokozi hutulia, na naitriki oksaidi huongezeka.

Hiyo ni habari ya kweli, na ndiyo inayogeuka kuwa tangazo la redio au ujumbe wa WhatsApp: "Wanasayansi wathibitisha manjano yanazibua mishipa." Hapo ndipo msomaji anapaswa kusita. Kwanza, katika sahani ya maabara kemikali hutiwa moja kwa moja juu ya seli, na mara nyingi kwa kiwango kikubwa mara nyingi kuliko kinachoweza kupatikana ndani ya damu ya mtu aliyekula chakula. Pili, tumbo na ini hazikai tu zikitazama. Kurkumini, kwa mfano, huingia kwenye damu kwa shida sana. Kubwa yake hutoka mwilini kama ilivyoingia. Flavonoidi nyingine hubadilishwa na bakteria wa matumboni na ini, kiasi kwamba kinachofika kwenye mshipa si kile kilichokuwa kwenye sahani ya maabara. Tatu, na hili wauzaji hawalitaji kamwe, kupunguza uvujaji si sawa na kuondoa bonge ambalo limejengeka kwa miaka 20. Lipu mpya haiondoi mizizi iliyokwisha kuingia ukutani.

Kwa hiyo swali linalobaki ni moja: walipopewa watu, ilikuwaje?

Walipopewa watu

Mwaka 1993 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo kutoka mji wa Zutphen, ambako waliwafuatilia wazee wa kiume 805 wenye umri wa miaka 65 hadi 84. Wale waliokula flavonoidi nyingi walikufa kidogo zaidi kwa ugonjwa wa moyo kuliko waliokula chache. Zilitoka wapi? Hasa kwenye chai, vitunguu na matufaha, vyakula vya kawaida visivyohitaji chupa. Lakini utafiti wa kufuatilia watu una udhaifu wake. Mzee anayekula vitunguu na matunda kwa wingi huenda pia havuti sigara, na hutembea zaidi. Huwezi kujua kipi kilichomsaidia.

Dawa ya udhaifu huo ni kuwagawa watu kwa kura: nusu wapewe kitu chenyewe, nusu wapewe kidonge kisicho na kitu, na mtu asijue yuko upande gani. Jaribio kubwa la aina hiyo kwa kemikali za mimea liliitwa COSMOS, likafanyika Marekani kwa watu 21,442 wenye umri mkubwa. Waliopewa kakao walimeza kila siku vidonge vyenye miligramu 500 za flavonoidi zake, kiasi ambacho hakipatikani kwa kula vipande vya chokoleti ya dukani. Baada ya miaka mitatu na nusu hivi, mwaka 2022, hesabu ilitolewa. Jumla ya mishtuko ya moyo, viharusi na matatizo mengine ya mishipa ilipungua kwa asilimia 10, tofauti ndogo ambayo ingeweza kuwa bahati tu. Vifo vya ugonjwa wa moyo na mishipa pekee vilikuwa vichache kwa asilimia 27. Hilo linaleta matumaini, lakini halikuwa swali kuu la jaribio, na watafiti wenyewe walikubali kwamba linahitaji kupimwa tena. Ni vyema pia kujua kwamba kampuni ya Mars, watengenezaji wa chokoleti, ilichangia gharama. Hilo halibatilishi matokeo, ila ni jambo ambalo msomaji anastahili kuambiwa.

Nchini Ujerumani, jaribio dogo sana lililochapishwa mwaka 2007 liliwahusu wanawake 16. Chai ya rangi iliwasaidia mishipa yao kutanuka vizuri. Chai ileile ikitiwa maziwa haikuwa na msaada huo. Watu 16 si hoja ya kuvunja desturi ya nchi nzima, na tafiti nyingine hazikukubaliana na jibu hilo. Naona tatizo la chai yetu ni vijiko vinne vya sukari kuliko maziwa.

Ushahidi ulio imara zaidi kwa vyakula ulitoka Uhispania, katika jaribio la PREDIMED la watu 7,447 waliokuwa katika hatari ya ugonjwa wa moyo. Waliokula kwa mtindo wa nchi za Mediterania, mboga, matunda, kunde na samaki, huku wakiongezewa mafuta ya zeituni au jamii za njugu, walipata mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya ugonjwa huo pungufu kwa karibu asilimia 30. Ripoti ya kwanza ya mwaka 2013 iliondolewa kwa sababu ya kasoro za ugawaji wa washiriki katika baadhi ya vituo, ikachambuliwa upya na kuchapishwa tena mwaka 2018. Jibu halikubadilika sana. Angalieni kilichopimwa: chakula chote kwa pamoja, si kemikali moja iliyokamuliwa ikatiwa kwenye kopo.

Mboga za majani, kwa upande wake, zina njia ya mkato inayoeleweka vizuri. Mchicha na jamaa zake wana nitrati nyingi. Bakteria wanaoishi juu ya ulimi huibadilisha, na mwili humalizia kazi kwa kuigeuza kuwa naitriki oksaidi, ile hewa ya Furchgott. Katika majaribio, vyakula vyenye nitrati vilishusha presha kidogo. Watu wakisukutua mdomo kwa dawa kali ya kuua bakteria, faida hiyo hupungua.

Mmea uliofaulu, na unaoua

Kuna kemikali moja ya mmea ambayo imepita mtihani wote hadi kwenye duka la dawa. Inaitwa kolkisini. Hutoka katika ua la Ulaya, Colchicum autumnale, na kwa muda mrefu imetumiwa kutibu jongo. Haizibi maungio ya utando moja kwa moja. Inapunguza ule uchokozi wa chembe nyeupe ndani ya ukuta wa mshipa. Katika jaribio lililofanyika Australia na Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2020, wagonjwa wa moyo 5,522 waligawanywa: nusu wakapewa kolkisini ya nusu miligramu kwa siku juu ya dawa zao za kawaida. Waliopata mshtuko wa moyo, kiharusi, kuzibuliwa mshipa kwa sababu ya moyo kukosa damu ya kutosha, au kufa kwa ugonjwa huo walikuwa asilimia 6.8, dhidi ya asilimia 9.6 kwa wenzao. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha kipimo hicho kwa ugonjwa wa moyo. Hata hivyo jaribio jingine la mwaka 2024, kwa watu 7,062 waliotoka tu kupata mshtuko wa moyo, halikuona faida. Kwa hiyo mjadala unaendelea hata kwa dawa iliyokwisha kuidhinishwa.

Sasa sikilizeni jambo linalotuhusu hapa hapa. Katika vichaka vya pwani yetu huota mmea wa kutambaa wenye ua zuri, petali nyekundu zilizojikunja na kuzungukwa na manjano. Jina lake la kisayansi ni Gloriosa superba. Kiazi chake kina kolkisini, kemikali ileile. Watu wamekufa kwa kukila katika nchi mbalimbali, wengine wakidhani ni kiazi cha kuliwa, wengine kama dawa. Nusu miligramu, karibu uzito wa punje moja ya sukari, ndiyo dozi ya daktari. Kipande cha kiazi hakina mzani, na hakuna anayeweza kukisia kwa macho kimebeba kiasi gani. Kolkisini ikizidi huanza kwa kutapika na kuhara, mgonjwa akadhani ni chakula kibaya, na baada ya siku moja au mbili moyo, figo na uboho wa mifupa huanza kushindwa. Wazazi wawaonye watoto wasichezee kiazi hicho.

Ndiyo tofauti kati ya mmea na dawa inayotokana na mmea. Tunaifahamu tayari kwa upande wa malaria: vidonge vya AL tunavyopewa zahanati vina kiungo kinachotokana na artemisinini, iliyopatikana kwenye mmea wa Artemisia annua. Hatutafuni majani, kwa sababu kipimo cha jani hubadilika kwa udongo, kwa msimu na kwa namna lilivyokaushwa.

Statini, dawa inayoongoza duniani kwa kushusha LDL, nayo haikutoka mbali na asili. Miaka ya 1970 Akira Endo wa Japani alichunguza zaidi ya aina 6,000 za kuvu kabla ya kupata moja iliyokuwa na alichokitafuta. Mwaka 1994 jaribio la nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 4,444 lilionyesha kwamba katika muda wa takriban miaka mitano, waliofariki miongoni mwa waliotumia statini walikuwa asilimia 8, na miongoni mwa waliomeza kidonge kitupu asilimia 12. Statini hufanya jambo ambalo hakuna chai ya mizizi iliyothibitishwa kulifanya kwa kiwango hicho: hupunguza vile vifurushi vya LDL kwenye damu. Utando ukiwa umechoka, njia ya uhakika ni kupunguza umati unaosukumana mlangoni.

Mwarobaini na mlonge havimo katika orodha ya dawa zinazotumiwa kutibu mishipa iliyoziba. Mlonge ni mboga nzuri. Uliwe kama mboga.

Turudi jikoni

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 94 ya Wakenya watu wazima hawafikishi vipimo vitano vya matunda na mboga kwa siku. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400. Kwa mkaazi wa Kilifi hilo halihitaji fedha nyingi: mchicha, mnavu, mchunga, majani ya kunde, matembele, na msimu ukifika, maembe. Kinachopotea hupotea mapishini. Mboga zikichemshwa muda mrefu na maji yake kumwagwa, nitrati, vitamini C na sehemu ya flavonoidi huenda na maji hayo. Wanaouchemsha mchunga ili kupunguza uchungu wana sababu yao; basi wapunguze muda, au wauchanganye na mboga isiyo chungu.

Na tui? Hili ni gumu kulisema Pwani. Mafuta ya nazi ni ya aina inayopandisha LDL, ingawa nazi ni tunda la mti. Si lazima kuiacha. Mwenye kolesteroli ya juu atumie tui jepesi badala ya kasimile kwa mboga za kila siku, na kasimile ingoje sikukuu. Korosho zetu si zile zilizotumika Uhispania, lakini ni jamii ya njugu yenye mafuta mengi ya aina njema. Konzi moja isiyotiwa chumvi ni bora kuliko sahani ya viazi karai.

Kabla hujachanganya

Dawa na mimea hugombana zaidi ya watu wanavyofikiri. Balungi, na ndugu yake danzi, huzuia mwili kuvunja baadhi ya statini, hasa simvastatini, dawa ikalundikana na kudhuru misuli. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Si kwamba aache mboga, ila kiasi kiwe kilekile wiki hadi wiki. Vidonge au unga wa kitunguu saumu kwa wingi huweza kuongeza kutokwa na damu kwa mtu wa aina hiyo. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza, maana mboga za majani zina potasiamu nyingi ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa.

Kubwa kuliko yote ni kuacha vidonge vya presha kwa sababu "najisikia vizuri". Presha haina sauti, na kujisikia vizuri si kipimo chake. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliosambazwa na serikali tangu mwaka 2023 wana mashine ya kupimia presha katika mikoba yao. Mwenye miaka 40 na zaidi asisubiri kuumwa ndipo apimwe. Kipimo cha kolesteroli huhitaji kutolewa damu hospitalini.

Na siku ya kliniki, beba chupa au kikaratasi cha mtishamba unaotumia, hata kama unaona haya. Mhudumu akiuliza "Unatumia dawa gani nyingine?", swali hilo linahusu na ile ya sokoni. Ukisikia kifua kimebanwa, maumivu yakishuka mkononi au yakipanda shingoni, au mdomo ukipinda na ulimi kuwa mzito, usichemshe chochote. Tafuta gari la hospitali saa hiyohiyo.